Fizikia Tiba na Uhandisi wa Vifaa Tiba: Watumishi Wasioonekana wa Wagonjwa na Wazee Wetu

Mama Kanisa, akifuata nyayo za Kristo Yesu, Mganga wa roho na mwili, daima amekuwa karibu na wagonjwa na wazee. Kila tarehe 11 Februari, kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Aidha, tangu mwaka 2021, kwa uamuzi wa hayati Baba Mtakatifu Francisko, Dominika ya nne ya mwezi Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani. Katika siku hizo tunawaombea madaktari, wauguzi na wote wanaokesha vitandani pa wagonjwa.

Lakini wapo wahudumu wengine ambao ni nadra kutajwa katika sala zetu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiwaone hata mara moja. Hao ni wanafizikia tiba, pamoja na wahandisi na mafundi sanifu wa vifaa tiba. Bila wao mashine ya mionzi haiwezi kuaminiwa, picha ya eksirei haisomeki, na mtungi wa oksijeni hubaki chuma kitupu. Makala hii inakusudia kueleza kazi yao, jinsi inavyogusa maisha ya wazee wetu, na wajibu unaotokana nayo kwa sisi waamini.

Wazee wanaongezeka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, waliokuwa bilioni 1 mwaka 2020, watafikia bilioni 1.4 mwaka 2030 na bilioni 2.1 mwaka 2050, na walio wengi wataishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyefikisha umri wa miaka 60.

Maisha marefu ni baraka. Hata hivyo, mzaburi anatukumbusha ombi la mtu aliyezeeka, anayemsihi Mungu asimtupe wakati nguvu zake zinapokwisha. Uzee huja na mtoto wa jicho, moyo unaopiga polepole kupita kiasi, saratani, mifupa dhaifu na mapafu yaliyochoka. Karibu kila moja ya hali hizo siku hizi humfikisha mgonjwa mbele ya mashine. Ni vema basi familia ijue mashine hiyo inafanya nini, na haifanyi nini.

Kutoka Würzburg hadi hospitali zetu

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale iliyopenya vitu visivyopitisha mwanga. Desemba ya mwaka huo alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana wazi. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia, naye hakutaka kujimilikisha ugunduzi huo kwa hataza. Aliuacha uwe mali ya wote. Baada yake Marie Curie, mgunduzi wa radiamu, aliandaa magari yenye mashine za eksirei wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ili majeruhi wapigwe picha karibu na uwanja wa mapambano. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 7 Novemba, ndiyo inayoadhimishwa sasa kama Siku ya Kimataifa ya Fizikia Tiba.

Mwanafizikia tiba ni mtaalamu anayepima na kukokotoa mionzi inayotumika hospitalini: kiasi gani kitoke, kielekee wapi, kwa muda gani, na namna ya kumkinga mgonjwa, mhudumu na jirani. Mhandisi wa vifaa tiba, kwa upande wake, huchagua, hufunga, hupima usahihi na kutengeneza vifaa: mashine za usingizi, altrasaundi, mitungi na mitambo ya oksijeni, vitoto vya watoto njiti, vipimo vya maabara. Daktari huandika tiba. Hao wawili huhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachomfikia mgonjwa.

Tiba ya mionzi na hofu inayowatenga wazee

Miongoni mwa huduma zinazoogopwa sana ni tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Hapa Tanzania huduma hii hutolewa, miongoni mwa sehemu nyingine, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Mionzi huharibu vinasaba vya chembe hai. Chembe za saratani hushindwa kujitengeneza upya kwa urahisi ule walio nao majirani zake wenye afya. Ndiyo maana tiba haitolewi yote kwa siku moja: hugawanywa katika vipande vidogo, mara nyingi siku tano kwa juma kwa majuma kadhaa, ili sehemu nzima za mwili zipate nafasi ya kupona kati ya kipande na kipande. Kipimo chake huitwa gray, na kwa kawaida kila siku mgonjwa hupata takribani gray 2. Mwanafizikia tiba hupanga mielekeo ya miale ili ikutane mahali penye uvimbe, huku moyo, uti wa mgongo na figo vikiepushwa kadiri inavyowezekana.

Tuchukue mfano wa mashine ya kobalti. Chanzo chake cha kobalti-60 hupungua nguvu chenyewe, mchana na usiku, iwe mashine inatumika au haitumiki. Baada ya miaka 5.27 hubaki nusu. Mgonjwa ambaye angelala chini ya mashine mpya kwa dakika 2, atahitaji takribani dakika 4 chanzo kikifikia umri huo. Kwa kila mwezi nguvu hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, na ni lazima mtu akokotoe upya muda wa tiba. Kosa dogo lisiloonekana kwa macho lingemfanya mgonjwa apungukiwe na dawa, au azidishiwe. Mashine ya kisasa zaidi, inayozalisha miale kwa kuharakisha elektroni, haina chanzo kinachooza. Umeme ukizimwa, mionzi nayo hukoma. Lakini yahitaji umeme tulivu, ubaridi wa kutosha na mafundi waliobobea.

Kutokana na utaratibu huo, waamini wapendwa, yafuata mambo mawili. La kwanza: kukatisha tiba katikati ni hatari. Siku zinapokosekana, chembe za saratani hupata muda wa kuongezeka tena. Wagonjwa wengi hawaachi kwa ukaidi. Huacha kwa sababu nauli imekwisha, au hawana pa kulala mjini. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inayomchangia mzee nauli na malazi hadi amalize majuma yake inashiriki moja kwa moja katika tiba yenyewe.

La pili linahusu hofu. Wapo wazee waliorudi kutoka hospitali wakatengewa chumba, sahani na kikombe chao, wajukuu wakakatazwa kuwakumbatia, kwa kudhaniwa kuwa wamebeba mionzi. Sivyo. Mtu aliyetibiwa kwa mionzi inayotoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili habaki na mionzi ndani yake, kama vile chumba kisivyobaki na mwanga taa ikizimwa. Bibi aweza kumpakata mjukuu wake jioni ileile. Ni katika tiba chache tu, kama ile ya kunywa iodini yenye mionzi, ambapo mgonjwa hupewa maelekezo ya kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, na hospitali humweleza waziwazi. Kumtenga mzee pasipo sababu ni kumwongezea msalaba ambao ugonjwa wenyewe haukumpa.

Tena, tiba ya mionzi si ya kuponya tu. Saratani inapokuwa imefika kwenye mifupa na kuleta maumivu makali, kipande kimoja cha gray 8, kinachotolewa kwa siku moja, huweza kupunguza maumivu sawa na vipande vingi. Kwa mzee aishiye mbali, hiyo ni tofauti kati ya safari moja na majuma mawili ya kuhangaika. Familia iulize: je, huduma hii ya tiba shufaa inamfaa mzee wetu?

Kuhusu usalama wa wahudumu na umma, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye dhamana ya kusimamia matumizi ya mionzi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Wahudumu wa eksirei huvaa kifuani kifaa kidogo kinachopima mionzi waliyopata. Kwa ngazi ya kimataifa, Vatican ni miongoni mwa wanachama waanzilishi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la mwaka 1957, kwani Kanisa limetaka tangu mwanzo nguvu hiyo itumike kwa amani na kwa uhai.

Moyo na macho

Tarehe 8 Oktoba 1958, nchini Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alipandikiza mwilini mwa Arne Larsson kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Hawakukata tamaa. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini katika maisha yake, akafariki dunia mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kuwazika wote wawili, daktari na mhandisi.

Kifaa hicho, ambacho wengi wetu hukiita betri ya moyo, leo hupandikizwa pia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Husikiliza moyo, na unapochelewa kupiga huupa mshtuko mdogo wa umeme ambao mgonjwa hausikii. Betri hudumu kwa miaka kadhaa kisha hubadilishwa, hivyo mahudhurio ya kliniki hayapaswi kuachwa. Mzee atembee na kadi ya kifaa chake, na simu ya mkononi isiwekwe kwenye mfuko wa shati juu ya kifaa hicho. Baadhi ya familia huogopa kwamba betri itamzuia mzee kufa kwa amani. Haizuii: saa ya Bwana ikifika, misuli ya moyo haiitikii tena.

Kwa upande wa macho, mwaka 1949 daktari Harold Ridley wa London alipandikiza lenzi ya kwanza bandia. Alikuwa ametambua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita, havikukataliwa na jicho. Leo mzee mwenye mtoto wa jicho hutolewa lenzi iliyofifia na kuwekewa nyingine safi. Kabla ya upasuaji, urefu wa jicho hupimwa kwa altrasaundi au kwa mwanga. Kosa la milimita 1 tu katika kipimo hicho laweza kumwachia mzee uhitaji wa miwani yenye nguvu ya diopta 2.5 au zaidi. Usahihi wa chombo ndio unaoamua kama babu ataweza tena kusoma Neno la Mungu mwenyewe.

Namba si mtu

Baada ya janga la UVIKO-19, wengi tumekifahamu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, kisha hulinganisha namna damu ilivyonyonya kila mmoja. Rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kifaa hiki kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kilisema hali ni njema ilhali damu ilikuwa na upungufu.

Fundisho hapa si kukitupa kifaa, kwa maana kinaokoa maisha. Ni kutomwacha mgonjwa kwa sababu ya namba. Ikiwa mama anahema kwa shida, midomo inabadilika rangi, au amechanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali hata kama kifaa kinasoma 95. Rangi ya kucha na hina viondolewe au kutafutwe kidole kisichopakwa, na mikono ya baridi ipashwe moto kwanza.

Wazee wengine hutumia nyumbani mashine ya kuzalisha oksijeni. Hewa tunayovuta ina takribani asilimia 21 ya oksijeni; mashine huisukuma kupitia chembechembe zinazonasa naitrojeni, na kutoa hewa yenye oksijeni zaidi ya asilimia 90 ikiwa inafanya kazi vizuri. Vumbi likiziba chujio, kiwango hushuka bila kelele. Chujio lisafishwe kama ilivyoelekezwa. Na hapa kuna jambo linalowahusu wahudumu wa Komunyo Takatifu: mahali penye oksijeni moto hushika kwa kasi ya kutisha. Msiwashe mishumaa wala ubani katika chumba cha mgonjwa anayetumia oksijeni. Bwana aliyemo katika Ekaristi hapungukiwi na heshima kwa kukosekana mshumaa pale ambapo uhai ungehatarishwa.

Msamaria aliahidi kurudi

Parokia, vikundi vya WAWATA na marafiki wa ng'ambo wamefanya mema makubwa kwa kuchangia vifaa katika zahanati na hospitali za Kanisa. Lakini tuseme kweli: vingi vimelala stoo vikiwa vimefunikwa shuka. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye uwezo mdogo havifanyi kazi. Sababu kuu ni ukosefu wa mafunzo, usimamizi na miundombinu kama umeme tulivu.

Katika simulizi la Injili ya Luka, Msamaria Mwema hakuishia kumfunga jeraha yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Alimpeleka nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Sadaka ya mashine isiyo na bajeti ya vipuri ni sawa na Msamaria asiyerudi. Kabla ya kuchangia kifaa, kamati ya parokia iulize: Je, hospitali yenyewe imekiomba? Nani atakitumia, na nani atakitengeneza? Vipuri hupatikana wapi? Umeme wetu unakiweza? Gharama ya miaka mitano ijayo itatoka wapi? Pengine jibu litakuwa kwamba fedha hizo zimsomeshe kijana mmoja ufundi wa vifaa tiba kuliko kununua mashine ya tatu juu ya mbili zilizoharibika.

Mashine mwishoni mwa maisha

Hatimaye kuna swali zito linalozigawanya familia nyingi: mzee yuko mahututi, mashine inapumua kwa niaba yake. Je, kuiondoa ni kumwua?

Swali hili si geni kwa Kanisa. Tarehe 24 Novemba 1957, mashine za kupumulia zilipokuwa bado mpya, Papa Pio XII alilijibu mbele ya madaktari wa usingizi: mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, wala hawajibiki kutumia zile zinazopita kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278 na 2279, inafundisha kwamba ni halali kusitisha tiba zilizo mzigo mkubwa, hatari au zisizolingana na matokeo yanayotarajiwa. Kufanya hivyo si kutaka kifo, bali ni kukubali kwamba hatuwezi kukizuia. Uamuzi ni wa mgonjwa mwenyewe akiweza, au wa wale wenye haki ya kusema kwa niaba yake, wakiheshimu utashi wake na manufaa yake halali. Lakini huduma ya kawaida anayostahili mgonjwa haikatizwi kamwe, na kumwua mtu kwa makusudi, hata kwa kisingizio cha huruma, ni kosa zito. Barua ya Samaritanus bonus ya mwaka 2020 imerudia mafundisho hayo, ikisisitiza tiba shufaa na uwepo wa karibu kwa anayekaribia kufa.

Kwa hiyo, familia isiamue kwa kugombana korido ya hospitali. Imsikilize daktari aeleze mashine inaleta faida gani na mzigo gani. Imwite padre mapema, mgonjwa angali na fahamu, apate Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Watoto wasibebe hatia isiyo yao, wala wasiuze shamba la mwisho kwa sababu ya aibu ya majirani, kwa tiba ambayo daktari mwenyewe amekiri kuwa haitamfaa mzee.

Vivyo hivyo, mifumo ya akili mnemba inayoanza kusoma picha za eksirei ni msaada wa kupokelewa kwa busara. Waraka wa Antiqua et nova, uliotolewa na Vatican Januari 2025, unaonya kwamba teknolojia hiyo haipaswi kuchukua nafasi ya uhusiano kati ya mgonjwa na anayemhudumia.

Wito kwa waamini

Yoshua bin Sira anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Mungu, na kwamba mwenye busara hazidharau dawa zitokazo katika ardhi. Fizikia na uhandisi ni sehemu ya karama hiyohiyo. Wazazi, msiwakatishe tamaa mabinti na vijana wenu wanaopenda hisabati na fizikia. Kuna utume unaowasubiri katika wodi zetu. Maparoko, watajeni wataalamu hawa katika Sala za Waamini, hasa Dominika iliyo karibu na tarehe 7 Novemba. Na kila mmoja wetu juma hili amtembelee mzee mmoja, aulize kama miwani yake bado inamfaa, kama dawa zipo, kama kliniki ijayo ana wa kumsindikiza.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wazee wetu na wote wanaowahudumia, wanaoonekana na wasioonekana.